Kulala kibandani kando ya mto Smith, chini ya misekwoya

Mama alipotutembelea Portland, Oregon, akitokea Lushoto, nilimwambia kwamba mwezi wa tisa tungekwenda kulala siku tatu msituni, kwenye kibanda cha mbao kando ya mto, upande wa California. Akauliza kibanda hicho kina nini. Nikamjibu: vitanda, taa na hita.

"Na choo?"

Choo kiko nje, unatembea kidogo.

"Na jiko?"

Jiko hakuna, tutapikia nje. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, hayo ndiyo maisha tuliyokusomesha uyakimbie."

Alikwenda, na hadi leo akipiga simu huulizia ile misekwoya, miti mirefu ajabu. Haya ninayoyaandika nimeyajifunza kwa safari tatu, ya kwanza ikiwa ya kutetemeka usiku kucha. Ukiwa Marekani, au unakuja kutembelea ndugu na una siku chache za ziada, yatakusaidia usirudie makosa yetu.

Kwanza, usikosee msitu

California ina misekwoya ya aina mbili, na kuna watu huweka nafasi kwenye msitu wasioutaka. Ipo ile ya milimani, Sierra Nevada, minene kama nyumba. Huko ndiko uliko mti maarufu wa General Sherman. Na ipo ya pwani, ambayo Wamarekani huiita redwood. Hii ni myembamba kuliko ile ya milimani, lakini hakuna mti mwingine duniani unaoifikia kwa urefu. Kutoka huku hadi kule ni siku nzima ya kuendesha gari, kwa hiyo soma jina la hifadhi mara mbili kabla ya kulipa.

Kwa anayetaka mto, msitu na kibanda mahali pamoja, chaguo langu ni hifadhi ya Jedediah Smith Redwoods, kaskazini kabisa mwa California, karibu na mpaka wa Oregon. Ipo kilomita 15 hivi kutoka mji wa Crescent City, kwenye barabara namba 199. Mto unaopita kando ya kambi ni Smith, mto mkubwa pekee wa California usio na bwawa hata moja, tangu vyanzo vyake hadi baharini. Maji yake ni maangavu, yenye rangi ya kijani ya zumaridi. Mto na hifadhi vina jina la mtega wanyama wa manyoya aliyepita huko mwaka 1828, ingawa Watolowa, wenyeji wa asili wa huko, walikuwa wakiishi na kuvua kando ya maji hayo zamani sana kabla yake, na wapo mpaka leo.

Kuhusu urefu wa miti, maneno hayasaidii sana, lakini nijaribu. Jengo la KICC Nairobi lina mita 105. Mti mrefu kuliko yote, uitwao Hyperion, unakaribia mita 116. Ule mkukusu uliopimwa bondeni Kilimanjaro, mrefu kuliko miti yote ya Afrika inayojulikana, una mita 81.5. Hapa ungeonekana kijana. Ila Hyperion usiende kuutafuta. Hauna njia ya kuufikia, eneo lake lilifungwa mwaka 2022 kwa sababu watu walikanyaga ardhi mpaka hakuna kinachoota, na ukikamatwa faini inaweza kufika dola 5,000 na kifungo miezi sita. Halafu ukisimama chini yake kilele hukioni. Miti mingine ya hifadhini itakuumiza shingo vilevile, bila kesi.

Chagua mwezi

Mvua za huko hunyesha zaidi kati ya Oktoba na Aprili, na ni mvua kweli. Mto hufura haraka wakati huo. Juni hadi Septemba ni kukavu, lakini kukavu kwa maana ya huko: asubuhi ukungu hutoka baharini na kujaa msituni. Ukungu huo ndio unaoilisha miti wakati wa kiangazi. Hugeuka matone kwenye majani, hudondoka chini, na mizizi huunywa. Hadi theluthi ya maji ambayo msitu huo hupata kwa mwaka yanaweza kutokana na ukungu. Mama alipouona asubuhi ya kwanza alisema, "Aa, kumbe ni Magamba," ule msitu wa kwetu Lushoto, akajifunga kitenge cha pili, akaendelea na chai yake.

Mimi napendelea Septemba. Shule zimefunguliwa, watu wamepungua, maji ya mto yamepata joto kidogo (kidogo tu), na adha ya ukungu imepungua. Hatari ya Septemba na Agosti ni moto wa nyika. Agosti 2023 radi ziliwasha moto milimani juu ya mto huo, na barabara ya 199 ikafungwa kwa siku nyingi. Kwa hiyo wiki ya safari angalia ramani ya barabara ya Caltrans, idara ya barabara ya California, na taarifa za hifadhi kila siku, na uwe na mpango wa pili unaokubaliwa na wote nyumbani kabla hamjaanza kulaumiana.

Weka nafasi miezi sita kabla

Hapa ndipo safari nyingi hufia. Vibanda kambini hapo ni vinne tu. Kila kimoja kinalaza watu sita kwenye vitanda vya ghorofa, na vimejengwa ili hata mwenye kiti cha magurudumu aingie. Watu wanaovitaka ni wengi mno.

Nafasi huwekwa kwenye tovuti ya ReserveCalifornia, na hufunguliwa miezi sita kabla ya siku ya kufika, saa mbili asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi. Ukitaka kufika tarehe 12 Septemba, kaa mbele ya kompyuta tarehe 12 Machi. Aliyeko Minneapolis ahesabu saa nne asubuhi, aliyeko Columbus saa tano. Fungua akaunti siku moja kabla, weka kadi ya benki, na ujue sura ya ramani ya kambi ili usipoteze dakika unatafuta vibanda viko wapi. Wikiendi huisha mapema kuliko siku nyingine. Jumapili hadi Jumatano utapata kwa urahisi zaidi, na msitu utakuwa wako.

Ukikosa, usikate tamaa siku hiyohiyo. Watu huahirisha, na nafasi zao hurudi mtandaoni. Sisi mwaka wa pili tulipata kibanda wiki tatu kabla, kwa sababu mke wangu alikuwa akifungua tovuti kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, kama mtu anayeangalia matokeo ya mtihani. Vipo pia vibanda vinne vya namna hiyo kwenye kambi ya Elk Prairie, kusini zaidi, ndani ya hifadhi ya Prairie Creek. Huko hupati mto wa kuogelea, lakini kuna mbuga ambayo kulungu wakubwa aina ya elki huja kula majani. Usiwasogelee. Dume la elki mwezi wa tisa liko kwenye kutafuta majike na halina utani.

Kabla ya kulipa soma masharti: mbwa haruhusiwi kibandani, kupika na kuvuta sigara ndani ni marufuku, na ukifuta nafasi unakatwa ada.

Njia

Kutoka Portland tunashuka na barabara kuu ya I-5 hadi Grants Pass, kisha tunaingia barabara ya 199. Safari nzima ni saa sita hivi ukiweka na vituo vya watoto. Jaza mafuta Oregon, huwa ni nafuu. Anayetoka San Francisco hupanda na barabara ya 101 kwa saa saba hivi, na karibu na Crescent City atapita mahali panapoitwa Last Chance Grade, ambapo mlima huporomoka taratibu kuelekea baharini na magari husimamishwa ili mafundi wafanye kazi. Ongeza muda hapo.

Ukiingia California kwa 199 utakuta kituo cha ukaguzi wa kilimo. Watauliza kuhusu matunda, mimea na kuni. Tulikuwa na machungwa, afisa akayatazama na kutuuliza tuliyanunua wapi. Jibu ukweli, ni maswali mawili matatu tu. Kuni usibebe kabisa kutoka nyumbani, kwa sababu hubeba wadudu na magonjwa ya miti. Nunua hukohuko. Na usiokote vijiti msituni hata vikiwa vimeanguka. Hairuhusiwi.

Ramani pakua kwenye simu ukiwa bado mjini. Mtandao kambini ni wa kubahatisha. Waambie ndugu siku mtakayorudi hewani, la sivyo shangazi mmoja atapiga simu kila mahali. Hospitali ya karibu iko Crescent City.

Mizigo: pakia kama unakwenda Lushoto mwezi wa saba

Safari ya kwanza tulilala hemani, Julai, na kwa akili zetu Julai California ni jua. Tulibeba shuka na fulana. Usiku joto lilishuka kwenye digrii kumi hivi, hewa imelowa, na saa tisa usiku sote wanne tulikuwa kwenye gari na hita imewashwa. Ndiyo sababu tulihamia vibandani.

Lakini hita ya kibandani haikufuati nje, na nje ndiko mtakakopikia, kula na kwendea chooni. Kila mtu awe na sweta zito, jaketi lisilopitisha maji, soksi za kubadilisha na kofia ya kufunika masikio. Matandiko ni juu yenu: mfuko wa kulalia au blanketi, na mto. Kila mtu awe na tochi yake, watoto pia, maana usiku chini ya miti ile ni giza la kugusa kwa mkono, na tochi moja ya familia itazua ugomvi mtu akibanwa haja. Tochi za kuvaa kichwani ndizo nzuri. Beba kandambili za bafuni, na sarafu za robo dola, kwa kuwa bafu nyingi za hifadhi za jimbo hilo huwashwa kwa sarafu.

Vyombo: jiko dogo la gesi, sufuria mbili, kikaango, mwiko, kisu, beseni la kuoshea, chupa ya chai, na deli lenye barafu ya kutosha. Mbele ya kibanda kuna meza, jiko la mkaa la kuchomea na shimo la moto, kwa hiyo wapenzi wa nyama choma msiwe na wasiwasi. Turubai na kamba ni vya lazima hata kiangazi, kwani mti huweza kukudondoshea matone ya ukungu asubuhi nzima bila wingu angani. Na kanga. Kanga hukauka upesi kuliko taulo, hufunika mtoto, hutandikwa mtoni. Jirani yetu wa kutoka Bukavu alitucheka tulipopakia kanga sita. Siku ya pili aliazima mbili.

Chakula, makombo na ndege wa baharini

Mkifika, kabla hata ya kuchagua kitanda, hamishieni chakula chote kwenye kabati la chuma lililo nje ya kibanda. Dubu weusi wanaishi msituni humo, na pua zao hazina mfano. Ninaposema chakula nahesabu dawa ya meno, sabuni, mafuta ya kujipaka, chingamu, na ile biskuti iliyosahaulika kwenye kiti cha mtoto ndani ya gari. Dubu akishajua kwamba kwa binadamu kuna chakula, atarudi, na mara nyingi mwisho wake ni kuuawa.

Hilo la dubu kila mtu hulielewa. La makombo ndilo linalohitaji maelezo. Kambini utaona mabango yanayokuomba usiache hata punje mezani au chini, na mwanzoni nilidhani ni Wamarekani na mabango yao. Mlinzi wa hifadhi alitueleza jioni moja pale kwenye moto wa kambi. Kuna ndege mdogo wa baharini, murreleti, anayevua samaki baharini lakini hajengi kiota ufukweni. Huruka kilomita nyingi hadi kwenye msitu wa kale, na kutaga juu kabisa kwenye tawi nene la msekwoya, lenye kuvumwani laini. Hutaga yai moja tu kwa mwaka. Sasa kunguru na ndege wa bluu wa jamii yao hufuata makombo ya wapiga kambi. Wakishiba hapo huzaana na kubaki, na wakiwa hapo huliona lile yai. Kipande cha chapati unachomrushia kunguru kwa kumwonea huruma kinamlipia nauli ya kupanda juu. Na misitu ya kale ambayo murreleti anaweza kutagia imebaki kidogo sana, asilimia 5 hivi ya iliyokuwapo kabla ya mashoka.

Mama alilichukua jambo hilo kwa uzito kuliko sisi sote. Kila baada ya mlo alikuwa akikung'uta kitambaa ndani ya mfuko wa taka, kisha anapiga magoti kuokota wali chini ya meza. Tulijifunza kupunguza kazi hiyo kwa kubadilisha vyakula: maharage, supu na ndizi za nyama hazimwagiki ovyo kama wali na maandazi yanayomong'onyoka. Mchuzi na maharage pikeni nyumbani, mgandishe kwenye makopo, navyo vitasaidia barafu kukaa siku mbili. Chapati songa na uchome nyumbani, kambini pasha tu. Ugali kwenye jiko dogo la gesi unawezekana kwa watu watatu, lakini kwa sita jiko litapinduka. Maji machafu ya vyombo usimwage vichakani, yapeleke kwenye sinki lililotengwa.

Saa nne usiku kelele zote zinakoma hadi saa kumi na mbili asubuhi. Muziki wa gari pia.

Mto

Kuogelea ni hiari yako na hatari ni yako, waokoaji hawapo. Maji yake hudanganya kwa uangavu: unaona kokoto chini, unadhani ni kiunoni, kumbe ni kina cha watu wawili. Na ni baridi hata Agosti. Ingia polepole, usijirushe. Watoto wavae maboya muda wote wawapo majini, hata wanaojua kuogelea. Viatu vya kuogelea vinafaa, mawe yanateleza. Anayetaka kuvua samaki na ametimiza miaka 16 anahitaji leseni ya uvuvi ya California, na asome kanuni za mto huo zenyewe kwa sababu hubadilika kwa msimu.

Wakati wa kiangazi huwekwa daraja la muda la kutembea kwa miguu kutoka kambini kuvuka mto. Maji yakianza kupanda huondolewa. Ukilikuta lipo, litumie, maana upande wa pili kuna Stout Grove.

Msitu

Kama una saa moja tu, itumie hapo. Kijia chake cha mzunguko ni kama kilomita moja, tambarare, na mama mwenye magoti ya miaka 71 alikimaliza mara mbili. Mahali hapo pana uwazi wa ajabu, shina baada ya shina na makangaga chini, kwa sababu mafuriko ya mto wakati wa mvua huleta matope yanayofunika vichaka. Misekwoya hustahimili. Shamba hilo la miti la ekari 44 lilitolewa mwaka 1929 na Clara Stout, mjane wa tajiri wa mbao, lisikatwe, kwa kumbukumbu ya mumewe. Mke wangu anasema huyo marehemu ana bahati. Nenda alasiri, jua likiwa limelala, miale ipite kati ya mashina.

Bila daraja utazunguka kwa gari, dakika kama 15, kupitia barabara ya Howland Hill. Hiyo ni ya udongo, nyembamba, kilomita 16 hivi kati ya miti, na magari ya kulala na matrela hayaruhusiwi. Gari dogo linapita vizuri ukiendesha taratibu na kumpisha anayekuja. Kwenye barabara hiyohiyo kuna njia ya Grove of Titans, ambako sasa kumejengwa njia iliyoinuliwa juu ya ardhi ili miguu ya wageni isiue mizizi. Mizizi ya misekwoya haiendi chini sana, hutandaa kando na kushikana na ya jirani, kwa hiyo kila unapokanyaga nje ya njia umekanyaga mti. Wenye nguvu waende Boy Scout Tree, kilomita 8 na ushei kwenda na kurudi.

Kuna mmea wenye majani matatu matatu, unaong'aa kidogo, ambao ni upupu wa huko ila unakaa wiki mbili. Usiuguse. Jioni kaguaneni kupe nyuma ya magoti na kwenye nywele. Siku ya upepo mkali msikae chini ya matawi makavu. Na mkikutana na koa wa njano, mrefu kama kidole cha mkono au zaidi, mpisheni. Wanangu walimpa jina la Ndizi.

Asubuhi ya kuondoka

Fagia kibanda, zima hita, mwagia moto maji mpaka majivu yawe uji wa baridi unaoweza kuushika. Taka zote kwenye mapipa yasiyofunguliwa na dubu, na ufunge mpaka usikie mlio. Kisha mtu mmoja, si yule anayeendesha, afungue tena lile kabati la chuma na kupapasa mpaka pembeni kabisa, kwenye giza. Sisi tulikuwa tumefika Grants Pass mama alipouliza mwiko wake uko wapi, ule wa mti wa Usambara aliotuletea kutoka nyumbani.